Mikanda Sita ya Kumfikia Ezron

Kofi lilipigwa siku ya tatu ya matanga, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakisubiri chai. Lusungu alikuwa amesema maneno machache tu. Alimtazama Ezron, mdogo wa marehemu mumewe, akamwambia mbele ya wote, "Nilikupigia simu mara kumi na moja, shemeji. Pikipiki ilikuwa kwako."

Ezron akainuka, akavuka mkeka, akampiga shavu la kushoto. Kilemba cheusi kikadondoka kwenye tope.

Wazee wa ukoo waligeuza macho wakatazama migomba. Mama mkwe akainama, akaokota kilemba, akakikung'uta na kumfunga upya mkwe wake kichwani. "Nyamaza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu, Kyala, anaona." Shangazi mmoja akaanzisha wimbo, na chai ikaletwa kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa wakati wote.

Lusungu hakulia. Alikunywa ile chai. Baadaye aliniambia kwamba tangu asubuhi hiyo hakukumbuka tena sura ya mumewe ndani ya jeneza. Alikumbuka mkono wa Ezron ukija.

Ackson, mumewe, alishikwa na tumbo Jumamosi mchana akichuma chai kwenye robo eka yao kule Lufingo. Mpaka saa tisa alikuwa amejikunja sakafuni, jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Rungwe mvua haiulizi. Gari halikuweza kupanda kilima kile. Kilichoweza kupanda kilikuwa pikipiki, na pikipiki waliinunua ndugu wawili kwa pamoja, na siku hiyo alikuwa nayo Ezron mjini Tukuyu. Lusungu akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Majirani wakatengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakamshusha Ackson kwa miguu, wakiteleza na kuinuka, na alikata roho kabla hawajaiona lami. Daktari alisema utumbo ulijisokota, na kwamba angefikishwa saa mbili mapema angeweza kupona.

Wiki kadhaa zilipita kabla Lusungu hajajua Ezron alikuwa wapi jioni ile. Muuza viazi mmoja wa sokoni ndiye aliyemwambia, akidhani Lusungu anajua. Ezron alikuwa Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, kwenye ukumbi wa tekwondo, akirusha miguu.

Jumamosi iliyofuata akateremka mwenyewe kwenda kuuona huo ukumbi.

Lilikuwa ghala la zamani la viazi, bati limeota kutu, sakafu imetandikwa mikeka ya plastiki ya kuungaunga. Mwalimu aliitwa Nurdin, fundi cherehani, mtu mwembamba wa miaka hamsini ambaye babu yake alitoka Tanga. Sare nyeupe za wanafunzi alizishona mwenyewe. Alikuwa na vijana kama ishirini na msichana mmoja, Siham, mpwa wake.

"Karibu, mama," Nurdin alisema. "Umemleta mtoto?"

"Nimejileta mwenyewe."

Pale mlangoni palikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mwanafunzi mmoja aliingia, akafunua, akatumbukiza simu, akafunika. Lusungu akaitazama ile ndoo kwa muda mrefu.

"Simu zenu mnaziweka humo?"

"Zote. Ndiyo sheria yangu."

"Aprili, tarehe kumi na nne, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja. Simu ya Ezron ilikuwa humo?"

Nurdin alikuwa anajua habari za msiba, kama mji mzima ulivyojua, ila hakuwa amemjua mjane. Sasa akamjua. Angeweza kusema hakumbuki, lakini hakusema hivyo.

"Ndoo ilitetemeka," alisema. "Niliisikia. Sikufunua."

"Basi na wewe nina neno nawe."

"Haya. Utalisemea hapo mlangoni, au utavaa mkanda mweupe uje ulisemee ndani?"

Nurdin alipomweleza sheria za mchezo, Lusungu alisikiliza nusu nusu mpaka alipofika kwenye sheria ya uso. Mkono haugusi uso, Nurdin alisema. Ukimpiga mwenzako ngumi au kofi la uso, unaadhibiwa. Mguu unaruhusiwa. Teke safi la kichwani ni pointi tatu.

"Rudia," Lusungu alisema.

Nurdin akarudia, na alipokuwa anarudia akaelewa mwanamke huyu amefuata nini.

Ezron alimkuta pale siku hiyo hiyo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kiunoni alifunga mkanda wa kijani. Akasimama kama aliyeona nyoka.

"Mwalimu, huyu hawezi kukaa hapa. Amekuja kwa ajili yangu."

"Ni kweli?" Nurdin akauliza.

"Ni kweli," Lusungu akajibu, na darasa zima likasikia.

Nurdin akafunga mlango. Akawaambia wote kwamba kuanzia leo kuna sheria mpya katika ukumbi wake: hakuna atakayepangwa kupigana na mtu asiyelingana naye rangi ya mkanda. Nyeupe na nyeupe, njano na njano, kijani na kijani, bluu na bluu, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Alidhani amemaliza ugomvi. Kumbe amemchongea yule mwanamke ngazi, na kumwonyesha ina vidato vingapi.

Lusungu alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mgongo wake ulizoea kikapu cha chai, nyonga zake zilizoea kupanda kilima, na mguu wake wa kulia ulipoinuka ulikomea kiunoni. Vijana walicheka. Ezron hakucheka. Alisema tu, akimfungia mtu mwingine kinga ya kifua, "Hata ng'ombe huinua mguu akiumwa na inzi."

Mkanda wa njano aliupata baada ya miezi mitano. Njano, Nurdin alisema, ni udongo ambamo mbegu inalala. Lusungu hakuwa na habari na mbegu. Ezron siku hiyo hiyo alifungwa wa bluu.

Nyumbani yeye na Ezron waliishi umbali wa hatua sitini, nyumba ya mama mkwe ikiwa katikati, na walitumia njia moja na bomba moja. Kwa Wanyakyusa mtu anayempita mwenzake bila salamu ni kama amemtukana mzazi wake, na hawa wawili walitukanana hivyo kila asubuhi, ndoo mikononi. Mke wa Ezron alikoma kumwazima chumvi. Kanisani akina mama walimsema kwa suruali na kwa kupanua miguu mbele ya wanaume, na kiongozi wa kwaya akamshauri apumzike kidogo kuimba. Akapumzika. Hakurudi tena kwenye kwaya ile.

Mazoezi yake aliyafanya uani, kwenye mgomba. Alichukua mkaa akachora duara kwenye shina, na duara hilo hakulichora kwa kubahatisha. Alikuwa amempima Ezron kwa macho siku nyingi, bombani na ukumbini, akajua shavu lake linafikia wapi. Kila jioni baada ya chai alirusha mguu kuelekea pale. Miezi ya kwanza aliishia kiganja kizima chini ya duara. Alirusha mara hamsini kila mguu, shina likachubuka, maji yake yakatoka na kumwachia madoa meusi kwenye suruali yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Ezron alikuwa anaona kutoka kwake. Duara lile alilielewa bila kuelezwa. Jioni moja akaja na panga, hakusema neno, akaufyeka ule mgomba, mkungu na vyote, akageuka akaenda zake. Kesho yake Lusungu akachora duara kwenye mgomba mwingine. Ukafyekwa. Akachora kwenye wa tatu, nao ukafyekwa, na safari hii mama mkwe akatoka nje akipiga kelele.

"Ezron! Migomba hiyo alipanda kaka yako!"

"Basi mwambie mkweo aache kunichora!"

"Na wewe, Lusungu. Unataka nini kwenye uso wa mwanangu?"

"Alichokitaka yeye kwenye wangu, mama."

Mama mkwe akakaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Kwa muda wa juma zima hakumpikia yeyote kati yao. Lusungu akahamia kwenye mparachichi wa huyo mama, maana ule Ezron asingethubutu kuukata. Gome lake lilikuwa gumu, na unyayo ulivimba mpaka akashindwa kuvaa buti za shambani.

Mkanda wa kijani aliupata mwaka wa pili. Mwaka huo pia mguu ulianza kufika. Siham ndiye aliyemsaidia, akimkalia mgongoni amkandamize kifua mpaka mapajani, huku Lusungu anauma taulo. Siham alikuwa na miaka kumi na tisa, mcheshi, na ndiye mtu pekee mle ndani aliyemwita dada.

"Dada, ukishampiga, utafanya nini tena?"

"Nitajua nikishampiga."

Nurdin hakumpenda Lusungu, na hakulificha hilo. Alimsimamia kuliko wengine, alimrudisha mwanzo kuliko wengine, na alipokosea hatua moja alimpigisha magoti darasa zima likimpita. Mtihani wa mkanda wa bluu ulipofika, Lusungu alipigana vizuri, akawazidi wavulana wawili, halafu ukaja wakati wa pumse, ule mfuatano wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake kama anapigana na watu wasioonekana. Akapotea katikati. Akasimama, akazubaa, akamalizia kwa kubuni.

"Umeanguka," Nurdin alimwambia mbele ya wote.

"Kwa ajili ya kucheza ngoma na hewa?"

"Kwa sababu una teke moja tu. Fundi mwenye kifungo kimoja hashoni shati."

"Unanionea. Unamlinda yeye."

"Panda kaburini ukamwambie mumeo kwamba mwalimu amekuonea," Nurdin alisema. "Mimi nitakusubiri Jumanne, saa kumi."

Lilikuwa neno baya, na hata Ezron aliinamisha kichwa. Lusungu akafungua mkanda wa kijani, akautupa mkekani, akatoka nje kwenye mvua bila viatu. Jumanne, saa kumi kasoro, alikuwa mlangoni. Mkanda wake ulikuwa umekunjwa juu ya ndoo. Akaufunga mwenyewe. Hakuna aliyeomba radhi.

Miezi minane alirudia zile pumse, shambani, bombani, akipanda kilima na kikapu mgongoni, mpaka wachuma chai wenzake wakasema amerukwa na akili. Akapata bluu. Mwaka uliofuata akapata nyekundu. Nyekundu ni hatari, Nurdin alisema akimfunga, akiwa amekaza uso. Maana yake mwenzako ajihadhari nawe, na wewe ujihadhari na nafsi yako.

Wakati huo Ezron alikuwa bado na mkanda mwekundu. Alikuwa ameshakwenda Mbeya mara mbili kwa mtihani wa mkanda mweusi akaanguka mara zote mbili. Alikuwa na nguvu, lakini pumzi ilimwishia. Basi baada ya miaka mitano watu hawa wawili walisimama kwenye mstari mmoja wakiwa na mkanda wa rangi moja, na ukumbi mzima ukasubiri.

Nurdin hakuwapanga. Wiki ya kwanza hakuwapanga, na mwezi wa kwanza hakuwapanga. Mwishowe ni Ezron aliyetoka mstarini.

"Nipange naye, mwalimu. Nimechoka kuchunguliwa shavu kila nikiteka maji."

"Mpange," Lusungu naye akasema. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu msiba.

"Siku mtakayopangwa haitakuwa kwa mkono wangu," Nurdin alijibu. "Mkono wangu haukufunua ndoo. Inatosha."

Wakapangwa Mbeya. Mtihani ulikuwa Juni, katika ukumbi mkubwa wenye baridi inayopenya mikeka. Watahiniwa walitoka mikoa mitatu. Mtahini mkuu alikuwa mgeni asiyejua habari za mtu yeyote. Aliangalia orodha, akaangalia uzito, akaona wawili waliolingana kilo, akasoma majina yao kwa sauti. Nurdin aliinuka kwenye kiti cha walimu, kisha akaketi tena. Angesema nini?

Wakavaa kofia za kinga. Wakainamiana, maana bila kuinamiana pambano halianzi, na kila mmoja aliinama kidogo kadiri alivyoweza. Mwamuzi akatoa amri.

Ezron alimwingia kwa kasi. Alimpiga kifuani mara mbili, pointi nne kabla hajajipanga, na teke la tatu lilimsukuma nje ya mstari. Alipiga kama mtu anayevunja mlango. Lusungu alirudi nyuma, akarudi nyuma tena, akamwacha apoteze pumzi. Dakika ya kwanza ikaisha. Dakika ya pili mkono wa Ezron wa kulia ukaanza kushuka, kidogo kidogo, kama kawaida yake akichoka, na shavu likabaki wazi.

Mguu ulikwenda wenyewe. Ulitua palepale, ubapa wa unyayo, sauti kavu iliyosikika mpaka kwenye viti. Ezron akashuka goti moja chini.

"Kalyo!" mwamuzi akaita, neno la Kikorea la kuwataka waachane.

Lusungu akapiga tena. Ezron alikuwa bado amepiga goti. Teke la pili lilimkuta kwenye kofia upande ule ule, akaanguka kifudifudi. Mwamuzi akaingia kati kwa mwili wake mzima, naye Lusungu akawa anazunguka pembeni ya mwamuzi akitafuta nafasi ya tatu, mpaka walimu wawili wakamshika mikono.

Walimwondoa mtihanini. Mtahini mkuu akamfungia mwaka mzima. Ezron alipewa ushindi, akapepewa, akanyweshwa maji, akafanya pumse zake jicho moja limevimba, na jioni wakamfunga mkanda mweusi. Mkanda alioshindwa kuupata miaka yote kwa pumzi zake, aliupata kwa mguu wa Lusungu.

Walikutana kwenye varanda, kila mmoja na mfuko wake.

"Umeridhika?" Ezron akauliza. Mdomo wake haukufunguka vizuri.

"Bado."

"Basi hutaridhika mpaka unizike. Mimi sikumwua kaka yangu."

"Hukupokea simu."

"Sikusikia!" Alipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Mara ngapi niseme? Sikusikia!"

Lusungu akamwacha hapo.

Kwa Siham hakudanganya. Alimwambia kwamba teke la kwanza lilimfurahisha, kwamba usiku ule alilala usingizi mzito kuliko miaka yote, na kwamba angesema amejuta angekuwa mnafiki. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine. Kila mtu alimwambia mwamuzi aliita "kalyo" kwa nguvu, mara tatu. Nurdin alisikia akiwa kwenye viti vya walimu, mwisho wa ukumbi. Lusungu hakusikia hata moja.

Alikwenda dukani kwa Nurdin kumwambia hivyo, wiki mbili baadaye. Nurdin alikuwa anashona shati la sare ya shule, mguu kwenye pedali, hakusimamisha cherehani.

"Sikufanya makusudi lile la pili. Sikusikia amri."

"Inawezekana," Nurdin alisema. "Mtu anaweza asisikie."

Cherehani ikaendelea. Lusungu alisimama pale, na maneno yakamwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Usinifananishe naye," alisema.

"Sijasema kitu."

"Usinifananishe naye, Nurdin!" Akasukuma meza, roli za nyuzi zikabiringika sakafuni mpaka barabarani. Akaondoka bila kuokota hata moja. Njia nzima ya kupanda Lufingo alimtukana Nurdin, akamtukana Ezron, na karibu na bomba akagundua anamtukana Ackson pia, kwa kufa kijinga hivyo, kwa tumbo.

Mwaka wa kufungiwa aliutumia kuchuma chai na kufanya pumse chini ya mparachichi. Duara la mkaa hakulichora tena. Halikuwa na kazi. Mama mkwe alitoka na kigoda chake akamtazama, na siku moja akasema, bila kuulizwa, kwamba hizo za kupiga hewa ni nzuri kuliko zile za kupiga mti. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata Lufingo.

Alirudi ukumbini adhabu ilipokwisha. Ezron sasa ndiye aliyekuwa msaidizi wa Nurdin, akiwafundisha wa njano na kijani. Lusungu alilazimika kumwinamia kila akiingia, kwa kuwa mkanda mweusi huinamiwa. Aliinama akitazama ukuta. Ezron aliitikia akitazama dirisha.

Mtihani wa pili wa Mbeya hakuna aliyempiga asiyepaswa kupigwa. Lusungu alipangwa na msichana wa chuo kutoka Njombe, akamshinda kwa pointi mbili, akasikia kila amri. Pumse alizimaliza bila doa. Kikabaki kipengele cha mwisho, kuvunja mbao kwa teke la usawa wa kichwa.

Mbao hushikwa na watu wawili wa ukumbi wa mtahiniwa wenye mkanda mweusi. Ukumbi wa Nurdin ulikuwa na wawili tu, Nurdin mwenyewe na Ezron.

Wakasimama wakiwa wameishika, Nurdin kushoto, Ezron kulia, ubao wa msindano kati yao. Kila mtu mle ndani anayejua mchezo alijua kwamba mshikaji akilegeza kidole tu, ubao hurudi nyuma badala ya kuvunjika, na kinachovunjika ni mguu. Lusungu akasogea kupima umbali. Uso wa Ezron ulikuwa nyuma ya ubao, kiganja kimoja kutoka ukingoni mwake.

"Ukilegeza, mguu wangu hautaishia kwenye ubao," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nikilegeza naaibika mimi. Piga."

Akapiga. Ubao ukayumba, ukarudi, haukuvunjika. Maumivu yalipanda kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye goti, na Lusungu akaruka kwa mguu mmoja akiwa ameziba mdomo. Mtahini akaandika kitu. Akasema ana nafasi moja tu zaidi.

"Amelegeza," Lusungu alimwambia Nurdin. "Umeona? Amelegeza makusudi."

"Amefumba macho," Nurdin alijibu.

Lusungu akamtazama Ezron. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. Vidole vilivyoshika ubao vilikuwa vyeupe kwenye kucha, na jicho la upande ule, lile lililovimba mwaka uliopita, lilikuwa linapepesa lenyewe. Hakuwa amefanya hila. Alikuwa anauogopa ule mguu. Mtu huyu aliyefyeka migomba mitatu, aliyemwita ng'ombe, alikuwa amesimama mbele ya watu mia mbili anaogopa, na bado hakuwa ameachia ubao akaondoka.

Lusungu hakumhurumia. Aliponisimulia alitaka hilo lieleweke. Alichosema ni hiki: kwamba pale ndipo alipoona kumbe amekwisha kumpiga, siku nyingi, na kwamba hakuna kilichobaki cha kuchukua kwenye lile shavu.

"Fumbua macho," alimwambia.

"Piga wewe."

"Fumbua kwanza. Sikupigi wewe. Napiga ubao."

Ezron akafumbua macho. Yalikuwa mekundu, yenye chuki tele, na yalimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu matanga. Lusungu akavuta pumzi, akapiga ukelele, akageuza nyonga.

Ubao ukapasuka katikati. Kibanzi kiliruka kikamchana Ezron juu ya nyusi, damu ikashuka pembeni ya pua. Akaifuta kwa mkono wa sare. Akaweka kipande chake mezani kwa mtahini, akarudi mahali pake, akainama kama sheria inavyotaka. Lusungu naye akainama.

Nurdin ndiye aliyemfunga mkanda mweusi. "Neno lako ulilokuwa nalo nami," alisema, "bado unalo?"

"Bado ninalo."

"Sawa," Nurdin alisema, akakaza fundo.

Ilikuwa mwaka juzi. Wakati wa kurudi, kwenye kenta waliyoazima, Ezron alikaa mbele na dereva, plasta juu ya jicho, na Lusungu alikaa nyuma na Siham na mikungu ya ndizi ya mtu mwingine. Kiwira walisimama kununua mahindi ya kuchoma. Kila mmoja alinunua kwa muuzaji wake.

Wanawake saba wa Lufingo na Msasani sasa wanafundishwa na Lusungu kila Jumamosi asubuhi. Waume wawili wamekuja kulalamika kwa Nurdin, mmoja akiwa na fimbo. Ezron anafundisha jioni. Ukumbi ni mmoja, na ratiba imebandikwa ukutani ili wasikutane mlangoni. Bombani bado hawasalimiani. Mama mkwe ameacha kuwasuluhisha. Anasema ataondoka duniani kabla yao, na wao watamalizana wenyewe au wasimalizane.

Mwezi uliopita Nurdin alikuwa anajaza fomu ya mtihani wa dan ya pili, daraja la pili la mkanda mweusi. Ezron alikuwa ameshaandikwa. Lusungu akaja dukani, akasimama mbele ya cherehani, akasema na yeye aandikwe.

"Kwa nini mwaka huu?" Nurdin akauliza. "Mguu wako haujapona vizuri tangu ule ubao."

"Yeye anakwenda."

Nurdin akachukua kalamu, akaanza kuandika jina lake chini ya jina la Ezron. Lusungu akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Si hapo," alisema. "Chukua fomu nyingine."

Nurdin akafungua droo, akatoa fomu nyingine.